Taharuki iko kwa wanaotazama

Mhariri,

Hadithi za mfululizo za vijana magazetini, pamoja na miswada ya riwaya tunayoihariri, siku hizi zinapenda sana kisa cha uonevu shuleni. Tunalifurahia hilo, maana jambo lenyewe lipo na linaumiza watoto. Ila nyingi zinakwama palepale: mwonevu ni katili tangu ukurasa wa kwanza, anayeonewa hana doa, na darasa lililobaki halina sura wala jina. Wahusika bapa wawili, yaani wasiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, hawawezi kubeba taharuki, ile hamu ya kujua kitakachofuata, kwa kurasa 120. Ikifika sura ya tatu, msomaji ameshajua nani atalia na nani atafukuzwa shule.

Mwaka 1996, Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walionyesha kuwa uonevu darasani una nafasi sita: anayeonewa, mwonevu, wasaidizi wake, wanaochekelea, wanaojiweka kando na wanaomtetea mwenzao. Mwandishi akizigawa nafasi hizo kwa wahusika wenye majina, msomaji haulizi tena kama kipigo kitakuja. Anauliza nani atahama upande, na lini.

Chukua tukio la bwenini. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anatoka prepu, anakuta tranka lake lina kufuli jingine. Hakuna aliyemgusa. Msichana wa kitanda cha juu anajua ufunguo anao nani. Jana alipewa biskuti anyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze ameitwa kula na kundi lile. Hapa mwandishi apunguze mwendo. Msichana huyo mikono yake inafanya nini? Anamwangalia nani kabla ya kusema "sijui"? Nusu ukurasa inatosha. Akirukia makofi, taharuki ameimaliza mwenyewe.

Mwaka 2001, watafiti wa Kanada Hawkins, Pepler na Craig walichapisha walichokiona viwanjani mwa shule: katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu wanafunzi wengine walikuwepo, lakini waliingilia kati katika asilimia 19 tu. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Kwa hiyo mtetezi hahitaji kuwa shujaa wa karate. Sentensi moja ikisemwa mbele ya watu inaweza kugeuza sura nzima, na msomaji aisubiri kwa kurasa nyingi.

Umaarufu nao unaandikwa vibaya. Waulize wanafunzi kwa siri wanapenda kukaa na nani, kisha uwaulize nani maarufu. Majina hayawi yaleyale. Kinara wa kundi mara nyingi anatajwa sana kwenye orodha ya pili huku ya kwanza ikimpita. Anatii­wa na kuogopwa, na hilo analijua, ndiyo maana kila wiki lazima amtoe mmoja nje ili waliobaki washikamane. Hofu hiyo ndiyo injini ya riwaya, nayo ionekane kwa anachokifanya. Kuichomeka kwa mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, ya baba mlevi katika sura ya mwisho ni kuchelewa. Kama maisha ya nyumbani yana uzito, dalili yake ipandwe katika robo ya kwanza ya kitabu.

Simu pia. Shule nyingi za bweni zinazikataza, hivyo kundi la WhatsApp linalochangamka usiku kucha bwenini halisadikiki. Simu moja iliyofichwa inafaa zaidi, kwa sababu kila aliyeitumia ana siri ya kulindwa. Makundi ya WhatsApp yaachiwe wakati wa likizo.

Na tunasisitiza hili kuliko yote: kujiua kusitumiwe kama kisasi kinachowatia wengine adabu. Msomaji wa miaka 14 anayeonewa anaweza kukisoma kama njia ya kutokea. Mhusika aliyefika hapo apate mtu mzima anayemsikiliza na kuchukua hatua, na hatua hizo zionekane.

Tunaomba mhariri wa ukurasa wa hadithi asiwaruhusu waandishi kumalizia siku mwonevu anapofukuzwa. Wasaidizi na waliochekelea bado wako darasani Jumatatu, na dawati lake liko wazi. Toleo moja zaidi, la maneno kama 800, lituonyeshe nani analikalia.

Wahariri wa miswada ya vijana,
Dar es Salaam