Plasta ikitoka, kazi ya mguu kifundo haijaisha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wa watoto waliozaliwa na mguu kifundo, yaani mguu uliopindia ndani, na zaidi niseme na wenzangu tunaowatibu.

Siku plasta ya mwisho inapofunguliwa, mguu uliokuwa umepindia ndani huwa umenyooka, na mama huambiwa, "Hongera, mtoto amepona." Kauli hiyo inaniuma. Njia ya Dkt. Ignacio Ponseti, iliyoanzia Iowa, Marekani, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya wiki chache: plasta za kubadilishwa kila wiki, na mara nyingi kukatwa kano ya kisigino. Ya pili ni ya miaka: viatu vilivyounganishwa kwa upau, saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha kila alalapo mpaka afike miaka 4 hivi. Plasta hunyoosha mguu, lakini haiondoi kile kinachoupinda, nacho huendelea kuuvuta kadiri mtoto anavyokua.

Ni kweli, mguu hurudia kupinda mara nyingi zaidi pale viatu vinapoachwa mapema. Lakini kumtupia mzazi lawama zote ni uonevu. Mtoto analia usiku, mguu unaonekana mzuri, bibi anasema mwacheni apumzike. Nani atashikilia viatu ambavyo hakuelezwa vya nini? Tena mara nyingi kilio kina sababu: kiatu kimembana, kisigino hakikai chini, au mguu haukunyooshwa vya kutosha kabla ya kuvalishwa. Kikaguliwe kwanza kiatu.

Mzazi akiona kisigino kinaanza kuinuka, au mtoto anakanyagia ubavu wa nje, asingoje. Plasta chache hurudiwa hata kwa anayetembea tayari, na baadhi ya watoto wakubwa kidogo huhamishiwa kano moja ya mbele ya mguu. Kukimbilia upasuaji mkubwa wa kufungua viungo vya mguu huwaachia wengi miguu migumu yenye maumivu ukubwani.

Ninachoomba kliniki zetu: viatu vielezwe tangu plasta ya kwanza, na saizi inayofuata iwepo kabla ya hii kubana. Na mzazi anayerudi na mguu uliopinda tena apokelewe bila karipio. Akiogopa kugombezwa, tutamwona mwakani.

Mtaalamu wa tiba ya viungo