Daktari na mwajiri wakutane kwa ajili ya aliyeumia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wachukuzi wa mizigo hapa Kigoma, ambao wakiumia mgongo hupewa mapumziko kisha husahaulika (jambo linaloniuma sana), kwa kuwa daktari haelezwi uzito wa magunia wanayobeba, na mwajiri naye haulizi ni kazi gani nyepesi wanayoimudu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua pia huduma za utengamao, yaani za kumsaidia aliyeumia arudi kazini na katika maisha yake ya kawaida, si malipo ya fedha pekee. Daktari aandike waziwazi kile ambacho mgonjwa anaweza kufanya, si alichokatazwa tu, na mwajiri ampangie kwa muda kazi ya kuhesabu mizigo au kutunza ghala, huku akiruhusiwa kuhudhuria mazoezi ya viungo hospitalini bila kukatwa mshahara.

Mkazi wa Ujiji,
Kigoma