Mawe ya Engaruka si ya kujengea msingi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu, pamoja na wenye viwanja wanaotupa kazi.

Mimi ni fundi mwashi, mkazi wa Ngaramtoni, Arusha, ila nimezaliwa Kibosho. Mwaka huu nilipata kazi ya nyumba ya vyumba vitatu Engaruka, wilayani Monduli. Ukifika Mto wa Mbu unaingia kulia kuelekea Ol Doinyo Lengai, unakwenda kama kilomita 60 ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa kushoto kwako. Nchi ni kavu, migunga na vumbi tu. Ghafla unaona migomba. Hapo ndipo Mto Engaruka unapotokea korongoni ukishuka kutoka milima ya Ngorongoro, na watu wote wa pale wanaishi kwa maji hayo.

Tulipofikia msingi, mwenye nyumba akaniambia nisiagize lori, mawe yapo bure pale mlimani, tena yamekwisha kupangwa. Nikaenda na kijana wangu na toroli. Tulirudi nalo tupu.

Nilikuta ukuta uliojengwa bila tope wala saruji. Kila jiwe limelala juu ya mawili ya chini, jointi hazikutani, na vipande vidogo vimebanwa kwenye mapengo. Ndicho ninachomwambia kijana wangu kila siku, na bado anakosea. Pembeni kulikuwa na mstari wa mawe unaoambaa na mteremko. Nikaufuata, kumbe ni mfereji. Nikiwa mtoto nilikwenda na babu kuzibua mfongo wetu, yaani mfereji wa Wachagga, kwa hiyo najua ugumu wake: ukiinamisha mno, maji yanakula udongo, ukilaza mno, yanasimama na kuacha tope. Wajenzi hawa wa kale walipitisha maji bila pima maji mkononi, kutoka korongoni hadi kwenye mashamba ya hekta zipatazo 2,000!

Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 akaandika habari za magofu hayo. Mtaalamu wa mambo ya kale Louis Leakey alifika mwaka 1935, na miaka ya 1960 mwenzake Hamo Sassoon akachimba. Vijiji vikubwa vilikuwa saba, vimekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, na punje za mtama zilizoungua zimepatikana. Watu waliishi hapo tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18, kisha wakahama. Baadhi ya wataalamu wanasema maji yalipungua. Wapo wanaowahusisha na Wairaqw, wengine na Wasonjo, ambao mpaka leo wanalima kwa mifereji.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda jengo lolote lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Simlaumu mwenye nyumba, hakuwa anajua. Nilipomweleza alinuna siku mbili, kazi ikasimama, posho ya kijana nikaitoa mfukoni mwangu. Siku ya tatu akaagiza mawe, tripu mbili za lori.

Wahusika wa mambo ya kale naomba waweke alama za mipaka zinazoonekana na mbao zenye maandishi ya Kiswahili na Kimaasai, kwa sababu anayepita na punda au toroli hawezi kujua ukuta wa kale unaanzia wapi. Walimu wa Arusha na Moshi wanaopeleka watoto mbugani wapite na Engaruka, ni njia ileile hadi Mto wa Mbu. Na wewe fundi mwenzangu, ukiambiwa mawe ya bure yako mlimani, kaulize kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji ni mawe gani.

Siku ya kuondoka kijana wangu aliona jiwe limeanguka kutoka ukutani, akainama alirudishe. Nikamzuia. Mahali pake panajulikana na aliyeliweka, na wataalamu wanaweza kupatafuta. Tukaliacha pale pale chini.

Fundi mwashi,
Ngaramtoni, Arusha