Mwanangu, kuhusu nafasi kwenye kikundi chetu cha mazingira

Mama angu,

Shikamoo yako nimeipata kwenye ule ujumbe wa sauti, marahaba. Huku Kibirizi, Kigoma, wote tuko salama, bibi yako magoti yanamsumbua ila mdomo uko vilevile, na mdogo wako anataka ujue saivi anaogelea bila dumu.

Nakuandikia badala ya kupiga manake tukiongea unanichekesha tunasahau la maana afu bando linakata. Ulisema ukifunga chuo unataka kuingia rasmi kwenye kikundi, sio kuja tu kusaidia kama zamani, na ukaniuliza nafasi gani ziko wazi. Sasa mwenyekiti kasikia unasoma uhasibu basi keshakupangia uweka hazina hata hajakuuliza, na wewe mwenyewe unataka ile ya habari ya kupiga picha na kurusha mitandaoni. Mimi sikubaliani na yeyote kati yenu na nitakwambia kwanini.

Nianze na hazina. Usikubali. Sio kwamba hutaweza, utaweza vizuri tu, ila hela ya kikundi inatoka kidogokidogo, leo viriba vya miche, kesho bodaboda ya kuleta samadi, keshokutwa koki ya maji imepasuka, na anayelipa lazima awe hapahapa mtaani. Wewe ukirudi Dodoma daftari tutamwachia nani? Au kila ukitaka kulipia samadi utume kwa simu, makato ya muamala si yatakula mfuko wote. Afu kuna maneno ya watu bana, mweka hazina aliye mbali hata kama kila shilingi ipo wataongea tu. Ukitaka kutusaidia kwa uhasibu wako, kabla hujaondoka kaa na daftari siku moja upitie risiti na kilichoandikwa, umwambie mwenyekiti mbele ya watu palipo sawa na pasipo sawa. Hiyo kazi hakuna anayeifanya na hakuna anayeipenda.

Na ile ya habari ina watu watatu tayari, wote simu zao nzuri kuliko yangu. Siku ya kupanda miti picha zinakuwa nyingi kuliko miche.

Sasa sikiliza hesabu yangu ya kienyeji. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, zinaanza Oktoba mwishoni au Novemba mpaka Aprili au Mei hivi, baada ya hapo ni jua tupu. Miti tunapanda Novemba na Desemba, ndio siku ya ngoma, diwani anakuja, watoto wa shule wanakuja, wewe siku hizo umeshafungua chuo uko Dodoma. Likizo yako ni kiangazi. Na mti haufi siku ya kupandwa mama, unafia mwezi wa saba na wa nane ambapo hakuna ngoma wala diwani. Kwa hiyo nafasi inayokufaa wewe ni ya ufuatiliaji, kuzunguka kuhesabu ipi hai ipi imekufa na imekufa kwa nini, na kumwagilia ile michanga. Saivi haina mtu kabisa, kila mkutano inasomwa kwenye orodha watu wanaangalia dari.

Usidhani nakupa kazi ya kubakiza. Unakumbuka 2024 ziwa letu Tanganyika lilipofungwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne zinazolizunguka zikakubaliana samaki wazaliane? Sisi tunaouza dagaa tulilia njaa, siwezi kusema nilifurahi. Lakini wale vijana wa vipe, ile mitumbwi ya kuvulia dagaa kwa taa, walikuwa hawana la kufanya wakaja kikundini, na kwa vile hakukuwa na kupanda wala nini tukawapa madumu wamwagilie ile miti ya kilimani. Lilipofunguliwa wakarudi kwenye vipe vyao na taa zao, hatujawaona tena. Ila nenda kaangalie leo, miti iliyopandwa msimu wa kabla ya pale ndio imesimama, ya misimu mingine utatafuta. Yani mwenyekiti anasema udongo wa ile sehemu ni mzuri. Udongo gani, ni maji ya kiangazi.

Kazi yenyewe iko hivi ili usije kushangaa. Unatoka asubuhi kabla jua halijakaza, una daftari na kijiti tulichochora sentimita, unafuata mstari kuanzia chini kwenda juu. Kila mche unaandika uko hai au la, urefu, na kama umekufa unachunguza. Ukiung'oa ukaona shina limemenywa kwa chini karibu na udongo na kuna vumbi la tope, huyo ni mchwa. Ukikuta kichwa kimekatwa kwa juu na majani yameliwa ni mbuzi, na mbuzi ana mwenyewe, uandike karibu na nyumba gani. Ukikuta shimo tupu na udongo mbichi pembeni basi kuna mtu kautamani, hasa mchikichi. Mengine ni moto, watu wanachoma majani kuandaa shamba moto unapanda kilima usiku. Bila kujua sababu kila mwaka tunapanda hapohapo kwa namna ileile halafu tunasema ni mapenzi ya Mungu.

Maji tunatumia chupa. Zile za plastiki tunazookota mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, siku ya usafi, unatoboa mfuniko kwa sindano ya moto, unakata kitako, unaichimbia kichwa chini karibu na shina halafu unajaza, maji yanadondoka polepole chini kwenye mizizi hayapotei kwa jua. Mwanzoni watu walicheka wakasema tunapanda chupa. Ila angalia usisahau kuzitoa mvua zikianza manake zikiachwa hapo ni uchafu uleule tumeuhamisha kutoka mwaloni kwenda mlimani, na mwaka jana ziliachwa nyingi sana, mimi nililalamika mkutanoni nikaambiwa mama dagaa anapenda ugomvi.

Na wewe una simu nzuri, hilo ndo jambo lako. Vile vijiji vya juu kandokando ya hifadhi ya Gombe vina watu wao wa kijiji wanaolinda misitu, wanajitolea, wanatembea na simu wanapiga picha wanaweka na eneo lilipo, ukataji, mitego, moto, mpaka kiota cha sokwe. Ilianzia kwenye ile kazi ya TACARE, mradi wa vijiji na misitu wa taasisi ya Jane Goodall yule mtafiti wa sokwe, iliyoanza 1994 baada ya kuonekana milima imebaki mitupu na sokwe wamebanwa kwenye kipande kidogo cha hifadhi. Walianza kwa kuwauliza wanavijiji wanataka nini, wakajibiwa afya, shule, maji. Mimi ndio maana namheshimu yule bibi, Mungu amrehemu, amefariki Oktoba 2025 ana miaka 91 bado anazunguka duniani kuongea. Wewe klabu yenu ya huyohuyo bibi, Roots & Shoots shule ya msingi si ndo ilikufundisha kujaza viriba, na hiyo nayo ilianzia hapahapa Tanzania, Dar, 1991, na wanafunzi 12 tu. Basi daftari letu ukilihamishia kwenye simu, kila mstari na mahali pake, mwakani anayekuja atajua pa kuanzia hata kama wewe haupo.

Kitakachokuchosha sio jua, ni wenye mashamba. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa, na ni sheria nzuri, ila kamwambie hivyo mtu ambaye babu yake alilima mihogo hapo pembeni ya mto kabla hata sheria haijaandikwa. Usianze na sheria. Anza na salamu, ulizia wagonjwa, kaa kama wamekukaribisha. Sisi tulichojifunza ni kwamba mtu akipewa mche wa mchikichi mmoja mzuri anakubali na ile mitatu ya asili, manake toka Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule, aje na kampeni ya michikichi 2018 kila mtu Kigoma anaota mawese. Wanataka ule ulioboreshwa wa kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Kihinga, sio wa kuokota chini ya mchikichi wa jirani, usijaribu kuwadanganya wanaujua.

Na wakikuuliza ziwa linahusika nini na mlima, waambie wasubiri mvua kubwa waangalie mto unapoingilia ziwani, maji mekundu mpaka mbali. Ule udongo unatua kwenye mawe ya ufukweni wanakokula na kuzaliana wale samaki wadogo wa rangirangi. Kuna watu wanasema ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, haliwezi kuharibika kwa tope la Kibirizi. Kina kipo kweli, lakini samaki hawakai huko chini, ukishapita kama mita mia mbili hakuna hewa ya samaki kuvuta, maisha yote yako kwenye ule ukanda wa juu. Ukiwaambia hivyo wavuvi wanaelewa haraka kuliko sisi.

Ila hapa nakuonya kama mama. Ukikuta mtu anakata mti au usiku watu wanavuta kokoro, ule wavu haramu, wewe hujaona uso wa mtu. Andika mahali na saa, mpe mwenyekiti, yeye atapeleka kwa watu wa BMU, kile kikundi cha ulinzi wa mwalo, au afisa uvuvi au mtendaji. Wewe sio polisi na hakuna mti wa kunipotezea mtoto. Na mlimani hupandi peke yako, utaenda na yule kijana wa fundi baiskeli, mpole, anatembea haraka na hana maneno mengi. Najua unatabasamu, acha.

Nafasi nyingine nizipitie tu ujue zipo. Usafi wa mwaloni ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, huo ni wa wote, ukija utaokota mabetri ya taa za vipe na vipande vya nyavu mpaka uchoke. Mifuko ya rambo kweli imepungua toka ipigwe marufuku Juni 2019 ila vifungashio vile vyepesi vimechukua nafasi yake. Kitalu kina akina mama wake na mzee mmoja, wale hawapendi kuongezewa mtu, ukienda pale kaa kimya chekecha udongo. Mimi niko kwa wanaokausha samaki, migebuka, kwa moshi, kuongea nao habari ya majiko yanayokula kuni kidogo, huko nako ni vita yake nitakusimulia ukija.

Posho hakuna. Kuna waliojiunga wakidhani kikundi kitapata mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri wakagawane, walipoona ni madumu wakapotea. Wewe utapata uji wa saa nne na siku nyingine hata huo hakuna, kwa hiyo nauli ya kutoka Dodoma usinitegemee mimi yote, anza kuweka akiba saivi.

Njoo na buti, sio zile raba nyeupe. Treni ikisimama Tabora nichukulie asali, ionje kwanza kabla hujalipa. Na mwenyekiti anataka jibu lako kabla ya kikao cha Jumapili, mpigie mwenyewe umwambie hapana ya hazina na ndiyo ya ufuatiliaji, kama ndio utakachoamua. Mimi sitakusemea, tunakaa nae benchi moja.

Mama yako