Kwa nini kasti hupasuka tena baada ya kuchomelewa

Mlio wake ni mdogo tu: ting! Fundi ameshazima mashine, ameshavua miwani, pengine ameshaanza kuhesabu hela yake, halafu chuma kinalia chenyewe mezani. Ukiinama utaona ufa mwembamba kama unywele, na mara nyingi haupo juu ya mshono. Upo pembeni yake, milimita moja au mbili.

Wateja wengi wa kasti, yaani chuma cha kusubu, wanaotufikia hapa karakanani kwetu, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, huja baada ya mlio huo. Juzi juzi alikuja mama mmoja wa Mbagala, kapakia bodi ya mashine yake ya kusaga kwenye bajaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kidude kimechomelewa mara mbili na mara mbili kimenirudia. Watu wa mtaani kwangu sasa wanakwenda kusaga kwingine."

Tulipoigeuza tukaona mshono mnene, wa kupendeza kabisa kwa macho, wa rodi zile zile za kuchomelea mageti. Ufa ulikuwa umekimbia sambamba nao, kutoka tundu la bolti hadi ukingoni.

Aliyemchomelea si fundi mbovu. Mpe geti, atakutengenezea likae miaka. Ila bodi ile ni kasti, chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Chuma cha geti kina kaboni isiyofika asilimia 0.3. Kasti ya kijivu ina asilimia 2.5 hadi 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa ndani yake kama vipande vyembamba vya grafiti, ile ile ya kwenye penseli. Ndiyo maana ukiipiga grainda vidole vinabaki vyeusi. Grafiti inafyonza mtikisiko na inafanya kasti itoboke kirahisi, lakini kila kipande ni kama ufa mdogo uliokwisha kuanza. Geti likizidiwa linapinda kwanza. Kasti haijui kupinda.

Sasa ipelekee moto wa umeme. Pale panapochomelewa chuma kinayeyuka, sentimita chache pembeni bado ni baridi. Palipoyeyuka pakianza kupoa panasinyaa na kuvuta majirani zake, na majirani hawanyumbuki. Juu ya hapo, ikipoa haraka kaboni haipati muda wa kurudi kuwa grafiti. Inashikamana na chuma na kuacha ukanda mgumu kama kioo kandokando ya mshono, mgumu hata drili inateleza tu. Ting yako inatoka hapo. Rodi ya geti inazidisha balaa, kwa sababu nayo inanyonya kaboni ya kasti na kuwa ngumu.

Kwa hiyo sisi tuna njia mbili, na tukianza na moja hatuhamii nyingine katikati ya kazi.

Ya kwanza ni kuipasha kasti nzima, siyo pale penye ufa tu. Bodi ya mama yule tuliipeleka hivyo. Tuliiweka kwenye jiko la matofali, mkaa pande zote, ikapanda polepole hadi nyuzi 500 na kitu. Tunapima kwa chaki maalumu inayoyeyuka joto likifika kiwango kilichoandikwa. Kukisia kwa macho tumeacha, maana jua la Dar linaficha wekundu wote. Tukachomelea kwa rodi ya nikeli ikiwa bado ya moto vile vile, kisha tukaizika kwenye majivu makavu hadi kesho yake. Hapo ndipo kazi nyingi hufia. Kijana anataka kuona alichofanya, anafukua mapema, upepo wa baharini unaingia. Tulishawahi kuwa na mwanafunzi aliyeleta ndoo ya maji ili mteja asichelewe. Roho nzuri, lakini kile kichwa cha silinda tulikilipia sisi.

Njia ya pili ni kinyume chake: tunahakikisha kasti haipati moto wa maana kabisa. Hii inafaa kwa bloku kubwa la injini lisiloingia jikoni. Unaweka mshono wa sentimita 2 au 3 tu, unaugonga papo hapo kwa nyundo ya kichwa cha mviringo ili utanuke badala ya kuvuta, kisha unaacha. Unarudi ukiweza kulaza kiganja juu yake bila kukiondoa, na unaanzia sehemu nyingine, siyo ulipoishia. Ufa wa sentimita 20 unaweza kula mchana mzima. Mteja akikaa kwenye benchi anatuona tumekaa tunakunywa kahawa, anadhani tunamzungusha.

Rodi za nikeli ni ghali mara nyingi kuliko za kawaida, na bei yetu inaanzia hapo. Tunazitumia kwa sababu nikeli inabaki laini hata ikichanganyika na kaboni, hivyo mshono unanyumbuka kidogo wakati wa kupoa.

Kabla ya hayo yote kuna usafi. Kasti iliyoishi kwenye oili imeinywa kama sponji. Tunaipasha mpaka ikome kutoa moshi, tunafuta, tunarudia. Halafu tunatafuta ufa unakoishia hasa, kwani mara nyingi ni mrefu kuliko unaoonekana. Tunapaka mafuta ya taa, tunafuta pakauke, tunapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani yanapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Kila ncha ya mstari huo tunaitoboa tundu dogo ili ufa usiendelee, kisha tunaufungua kwa umbo la V.

Mkono wa cherehani au jiriwa la karakana tunaweza kuunga kwa gesi na brasi, moto wake ni mdogo zaidi; utaona mstari wa njano, ndivyo ulivyo. Manifoldi ya ekzosi, ile inayokusanya moshi wa injini, hatuiungi kwa brasi, joto la injini litailegeza. Dramu za breki na habu za magurudumu hatuziungi kwa njia yoyote, hata ukitubembeleza. Puli ndogo tunakushauri ununue nyingine Kariakoo.

Ukileta kitu, leta vipande vyote, hata kile cha ukubwa wa kucha. Usivisage sehemu zilizokatika, kwa sababu meno yake ndiyo yanayotuonyesha vinavyokaa. Usipake gundi ya chuma kwanza "kujaribu", maana tutatumia nusu siku kuichoma itoke. Na hesabu siku mbili au tatu, siyo saa mbili.

Mama wa Mbagala alirudi siku ya tatu. Tukapaka mafuta ya taa mbele yake, tukafuta, tukapaka chaki, tukasubiri. Chaki ikabaki nyeupe. Akaikagua kwa kidole, akauliza bei, akapunguza elfu tano, tukampakilia kwenye bajaji.