Kifungashio Tukianzie Mwisho Wake: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wenzangu, mama zangu, kaka na dada zangu wasindikaji wa vyakula,

Poleni na safari. Najua waliotoka Mbagala na Bunju wameamka alfajiri kukwepa foleni, na wa Kigamboni wamesubiri kivuko. Ahsanteni kwa kuja.

Mambo ya kawaida ya chama nitayapita haraka, kwa sababu yanakwenda vizuri. Hesabu atazisoma mweka hazina, na vitabu viko wazi kwa yeyote anayetaka kuvikagua. Kodi ya ofisi imelipwa hadi mwisho wa mwaka. Kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba tulikuwa na banda moja la pamoja, na wenzetu wa asali walimaliza mzigo kabla ya siku ya kufunga. Wenye viungo walilalamikia kona tuliyopewa kwamba ina jua la moja kwa moja. Kamati imelichukua hilo. Ada bado inasuasua, mnajua wenyewe.

Taarifa yote iliyobaki ni ya vifungashio. Ndivyo vilivyotula muda, fedha na usingizi mwaka huu, na mimi binafsi vimenibadilisha mawazo.

Mtakumbuka mkutano uliopita tulipitisha kwa makofi ile pochi ya khaki yenye kidirisha, inayosimama yenyewe rafuni. Tuliiita kifungashio rafiki kwa mazingira. Ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Mteja akiishika aliona karatasi, na karatasi kwetu sote ina maana ya kitu kinachooza. Hakuna aliyeuliza ndani kuna nini.

Mwezi wa tatu, mvua za masika zilipoanza, nilikwenda na wajumbe wawili wa kamati hadi Vingunguti, kwenye uwanja ambako waokota chupa huleta mizigo yao kupimwa. Tulimkuta dada mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu kifupi mkononi, rundo la chupa mbele yake na jingine nyuma. Alikuwa anachukua chupa, anaibonyeza mara moja karibu na sikio, anazungusha kifuniko na kukirusha kwenye kiroba cha kushoto, anachana lebo kwa ncha ya kisu, kisha chupa inakwenda kulia. Kazi ya pumzi mbili tu. Chupa iliyovalishwa lebo ya plastiki tangu shingoni hadi kitakoni ilimchukua muda mrefu zaidi, na baadhi aliziacha kabisa. Nilimpa pochi yetu. Akaitazama, akaivuta kwa nguvu. Karatasi ikachanika, ikabaki ngozi inayong'aa isiyokatika.

"Mama, hii ni karatasi au naironi?"

Nikamwambia ni vyote viwili, na katikati kuna alumini.

"Basi haina mnunuzi," akasema, akaitupa kwenye rundo la nyuma.

Ndugu zangu, lile rundo la nyuma niliingia kulichambua kwa mikono yangu. Nilikuta mifuko ya karanga, ya crisps za ndizi, ya unga wa lishe. Nilikuta lebo ya mwanachama wetu, anwani ikisomeka vizuri kabisa. Mvua ikizidi, rundo lile linakwenda mtaroni, mtaro unamwaga Mto Msimbazi, na Msimbazi mnajua unavyofanya pale Jangwani ukiziba. Tumewahi kulaumu majirani wanaotupa taka ovyo. Siku ile niliona kwamba dada yule alikuwa tayari kuzibeba taka zetu kwa mgongo wake mwenyewe, ila sisi ndio tuliotengeneza kitu kisichobebeka.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja ninaloliuliza kabla ya rangi, kabla ya umbo, kabla hata ya bei: kikifika kwa yule dada, kinakwenda rundo gani? Naomba liwe swali la chama.

Aprili tulifanya mafunzo ya nusu siku, na waliohudhuria hawatasahau beseni la maji. Tulikata vipande vya vifungashio vyetu, tukavidumbukiza. Kipande cha chupa ya PET, ile yenye namba 1 kwenye pembetatu kitakoni, kilizama. Kifuniko, ambacho kwa kawaida ni namba 2 au namba 5, kilielea. Hicho ndicho kinachofanyika kwenye viwanda vya kurejeleza: chupa inasagwa na kuoshwa, vipande vya chupa vinazama, vya kifuniko na vya lebo nyepesi vinaelea na kuenguliwa juu. Sentimita moja ya ujazo ya PET ina uzito wa gramu 1.38 hivi, na ya kifuniko iko kati ya 0.90 na 0.96. Maji ndiyo yanayoamua. Kisha mama mmoja akatia ile lakiri ya plastiki inayobana shingo ya chupa yake ya juisi. Ikazama na kulala pamoja na vipande vya PET. Ilikuwa plastiki ya aina nyingine, PVC, namba 3. Ikiingia kwenye joto la kuyeyushia PET, linalozidi nyuzi 250, inaungua na kutoa asidi inayoharibu mzigo mzima. Kipande kidogo kama ukucha! Mama yule aliishika ile lakiri kwa muda mrefu bila kusema neno, na wiki iliyofuata aliacha kuitumia. Sasa ananunua vifuniko vyenye pete inayokatika ukifungua, na usalama wa mteja uko palepale.

Hapa lazima niseme kosa langu, kwa sababu liligharimu mtu mwingine. Baada ya Vingunguti nilitoka na moto. Nikamshauri mwenzetu wa unga wa lishe aachane kabisa na plastiki, aweke unga kwenye mfuko wa karatasi tupu. Akanisikiliza kwa heshima aliyonayo kwangu. Unga wake una karanga na soya. Mafuta yakaanza kupenya kwenye karatasi, madoa yakatokea kama ramani. Hewa ya Dar ya mwezi wa nne unaijua, hata chumvi inalia maji kwenye kopo. Wiki chache baadaye duka lilirudisha mifuko, unga umechacha na mwingine umeshika ukungu. Kwenye unga wenye mahindi na karanga, ukungu si jambo la kupepeta na kuendelea, kuna sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wenyewe. Tuliuteketeza wote.

Nimelifikiria sana hilo. Mahindi yale yalilimwa, yakawekewa mbolea, yakasafirishwa kwa lori kutoka Nyanda za Juu Kusini, yakasagwa kwa umeme. Mazingira yalikwisha kulipia vyote hivyo kabla unga haujafika mfukoni. Kutupa kilo moja ya chakula ili kuokoa gramu chache za plastiki ni hasara kwa pande zote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kifungashio ni kulinda kilichomo, na anayetaka kukipunguza apunguze mpaka hapo tu ulinzi unapoishia. Mwenzetu sasa anatumia mfuko wa plastiki wa aina moja tu, mnene wa kutosha, hauna alumini wala karatasi iliyogandishwa, na maandishi yako kwenye kibandiko kidogo. Si mzuri kama pochi. Unga unakaa salama, na yule dada anajua wa kumuuzia. Kamati ilimfidia sehemu ya hasara, na mimi nimetoa mchango wangu.

Kuhusu mifuko "inayooza". Muuzaji mmoja alituletea sampuli akidai zinapotea zenyewe ardhini. Nilifukia tatu chini ya mgomba wangu nyumbani. Baada ya miezi mitano nilifukua, nikakuta vipande vidogo vidogo vinavyokatika vidoleni kama maganda ya kitunguu, lakini ni plastiki ileile. Kuna dawa inayochanganywa kwenye plastiki ya kawaida ili ikatike upesi kwa jua na hewa, na kinachobaki ni vumbi la plastiki lisiloweza kuokotwa na mtu yeyote. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku bidhaa za aina hiyo kuanzia Julai 2021. Ipo pia plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi au miwa, hiyo huoza kweli, ila inataka mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi kwa wiki nyingi. Kwenye dampo la Pugu au mtaro wa Tandika haipati joto hilo. Naomba mwanachama yeyote asinunue mfuko kwa neno "unaooza" bila muuzaji kuonyesha unaoza wapi, kwa joto gani na kwa muda gani.

Wapo wanaoniambia, mwenyekiti unatutangulia, sheria haijatufikia. Ni kweli kwamba marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, iliacha vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa. Lakini kumbukeni viroba, vile vipakiti vidogo vya plastiki vya pombe kali. Vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na waliokuwa na mizigo iliyokwisha kupakiwa walihangaika nayo. Huko nje, mazungumzo ya mkataba wa dunia kuhusu plastiki, yaliyoamuliwa Nairobi mwaka 2022, yalifika Geneva Agosti mwaka huu na kuahirishwa bila makubaliano. Wakubwa wataendelea kuvutana. Sisi mtaro tunao mlangoni.

Sasa pendekezo kubwa la kamati. Kila mmoja wetu ananunua chupa na makopo yake, umbo lake, rangi yake, kwa idadi ndogo na bei ya juu. Wachapaji nao wanatudai oda ya maelfu kwa maelfu, matokeo yake kuna wenzetu wana marobota ya mifuko iliyochapwa tarehe na anwani zisizotumika tena, imelala chini ya vitanda. Tunapendekeza chama kiwe na kopo moja la pamoja, la PET angavu isiyo na rangi, kwa sababu PET yenye rangi hununuliwa kwa bei ya chini au haichukuliwi kabisa. Kifuniko kiwe namba 5. Lebo iwe ya karatasi, fupi, yenye gundi inayoachia kwenye maji ya moto. Jina, chapa na rangi za kila mmoja zibaki kwenye lebo yake, hapo hatuingiliani. Lebo ikipungua, yanayotakiwa na TBS, Shirika la Viwango, lazima yabaki na yasomeke bila miwani: jina la bidhaa, viambato, uzito, tarehe mbili, anwani ya mzalishaji. Na nafasi ya msimbo wa mistari unaoanza na 620, namba ya Tanzania.

Umbo tunalopendekeza ni la mraba wenye pembe za mviringo. Makopo ya duara yakipangwa kwa safu kwenye boksi yanaacha hewa ya zaidi ya moja ya tano ya nafasi, hesabu hiyo hata mtoto wa sekondari atakupigia. Tumelipia hewa hiyo kwenye katoni, kwenye bajaji, kwenye boti ya Unguja, miaka yote. Dada zetu wa siagi ya karanga wana hofu kwamba kijiko hakifiki pembeni. Hofu hiyo ina haki, ndiyo maana pembe ni za mviringo, na nimewaomba wao ndio wafanye majaribio kabla hatujatoa oda.

Wenzetu wa asali na achari wanataka kubaki na kioo, na mimi nawaunga mkono kwa sharti moja: chupa irudi. Tulipima kwenye mizani ya ofisi, chupa tupu ya kioo ya mililita 250 ikapita gramu 200, ya plastiki ya ujazo uleule haikufika 25. Kioo kinachotumika mara moja na kutupwa ni mzigo mzito uliosafirishwa bure. Kinachorudi mara nyingi ndicho kinacholipa, na sisi tumekua na jambo hili: nani kati yetu hakutumwa dukani na kreti ya chupa tupu za soda? Jaribio letu la Temeke lilianza vibaya. Chupa zilirudi, nyingine zinanuka mafuta ya taa, nyingine zimewekewa vitu ambavyo mtu hataki kuvitaja, na hizo hatukuzijaza tena, tuliziuza kama vigae vya kuyeyushwa. Tulipobadilisha utaratibu, mwenye duka akabaki na kreti yetu na mteja akaacha amana, chupa zikaanza kurudi safi. Maduka manne yanaendelea. Tunataka yaongezeke, taratibu, bila kukimbia.

Pakacha na jani la mgomba sijavisahau, mzee wetu wa kamati hukumbusha kila kikao. Kwa vitu vinavyoliwa siku ileile, visheti, vitumbua, samaki wa kukaanga, sioni kwa nini tuviweke kwenye plastiki hata dakika moja. Wanachama wanaouza hivyo wakae na mzee baada ya mkutano, ana watu wa Mkuranga wanaosuka.

Kura ni tatu. Kwanza, kuacha kununua kwa pamoja pochi za tabaka la alumini, zilizobaki zitumike hadi ziishe. Pili, oda ya kopo la pamoja, baada ya majaribio ya siagi ya karanga. Tatu, posho ya mwezi kwa waokota chupa wawili wa Vingunguti, wawe wanakagua sampuli zetu mpya kabla hazijaidhinishwa. Hawa ni wataalamu, walipwe kama wataalamu.

Dada yule amekubali mwaliko wetu na amekaa safu ya nyuma, karibu na dirisha. Sampuli ziko mezani kwake pamoja na beseni la maji na mkasi. Naomba tuanze na zangu.