Barua kutoka Austin

Mpendwa Mwanaidi,

Hujambo mwenzangu? Mama anaendeleaje na mguu? Mimi mzima, ila macho mazito. Kongamano la uandishi wa habari mtandaoni limekwisha leo jioni, na siku mbili hizi sikulala vya kutosha.

Ni lile nililokusimulia, ISOJ, alilolianzisha Rosental Calmon Alves, Mbrazili wa Chuo Kikuu cha Texas, mwaka 1999. Ninalipenda kwa sababu wahariri na watafiti hukaa ukumbi mmoja, wakasikilizana. Kwetu mara nyingi kila upande una mkutano wake.

Lakini kuna jambo limenikaa moyoni. Kwa miaka mingi sisi wasomi tumeichunguza Twitter kana kwamba ndiyo mitandao yote ya kijamii, kwa kuwa data zake zilipatikana kirahisi. Mwaka 2023 mlango wa kuzipata data hizo bure ukafungwa. Agosti 2024 Meta, kampuni yenye Facebook, nayo ikaifunga CrowdTangle, zana iliyotumiwa na wengi kufuatilia habari za mtandao huo. Ndipo watu wakashtuka.

Mimi nikamkumbuka Mama. Unaikumbuka siku ile jikoni kwenu? Mikono yake imejaa unga wa chapati, ukamshikia simu sikioni, akasikiliza ujumbe wa sauti kutoka kundi la mtaa: bomba limepasuka, maji hayatatoka mpaka kesho. Akasema, "Rudisha." Ukarudisha. Akainamisha kichwa, akasikiliza tena, kisha akasema, "Huyu kaona mwenyewe, hakusimuliwa." Akakutuma ndoo pale pale.

Mwanaidi, ule ni uhakiki wa habari! Anaupima ukweli kwa sauti ya msemaji, na hakuna jedwali la twiti litakalounasa. Wewe una daftari zima la mambo hayo. Andika ikisiri, ule muhtasari mfupi wa utafiti, tafadhali, usisubiri mtu wa mbali aje kutueleza sisi. Ila omba ruhusa kwanza, kwa admini na kwa wanakundi wenyewe, na majina na namba zao usiziandike popote. Kundi lile ni sebule ya watu. Hatuingii bila hodi.

Nitumie rasimu hata kama haijakaa sawa, nitaisoma usiku huo huo. Na umuulize Mama, ni kitu gani hasa alichokisikia kwenye sauti ile.

Wako akupendaye,
Rehema